Waliokuja Kuutazama Uso Wako

Mwanangu Desideri,

Nakuandikia jua likiwa bado juu. Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, karatasi nimeiweka juu ya ungo uliogeuzwa. Wewe umeshuka Mazwi, kule mjini, kumuaga Mzee Bonifasi, na najua hutarudi mapema, maana yule mzee akishaanza kusimulia mtu anasahau kwao. Barua hii nitaificha katikati ya shuka zako, utaikuta ukifika shuleni. Mwandiko wangu unaujua, ni wa kisomo cha watu wazima, herufi zinapanda na kushuka kama barabara ya kwenda ziwani. Usome taratibu.

Habari za sanduku sitaziandika. Sabuni unajua ilivyopatikana kwa shida, utaitumia kwa akili. Blanketi lipo. Baba yako amekwisha kukueleza habari za basi na za pale Tunduma. Mimi nataka kukujibu swali.

Juzi tulipokuwa tunapepeta ulezi uliniuliza, "Mama, hawa kina Bibi Leokadia walitokea wapi kwetu? Si ukoo wako, si ukoo wa baba. Mbona kila jambo letu wamo?" Nikakujibu kwamba ni watu wa kikundi, nikaendelea kupepeta. Hilo halikuwa jibu, nawe uliliona, lakini kwa heshima hukurudia swali. Sasa unakwenda kukaa na watoto wa mikoa mingine wasiokujua. Nataka uende ukijua ni watu gani walikubeba, kwa sababu wakati wanakubeba ulikuwa mdogo mno.

Ulizaliwa kipindi cha mvua, kabla hatujahamia hapa kijijini. Tulikaa ng'ambo ya mto, nyumba chache tu, kila moja na mashamba yake yameizunguka. Bibi yako mzaa baba ndiye aliyekupokea. Alikuwa mtu wa vigelegele yule, jirani wote walijua akipiga kigelegele. Siku hiyo nilisikia mvua tu juu ya nyasi za paa. Nikamuuliza, "Mama, ni nini?" Akasema, "Ni wa kiume." Akakufunga kitambaa mpaka juu ya pua, akakulaza pembeni yangu, akatoka.

Nilipofunua nikaona. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka mpaka puani, na ndani, kaakaa lilikuwa wazi. Watu wanauita mdomo wa sungura. Wapo waliosema nilikula nyama ya sungura nikiwa na mimba, wapo waliosema nilimcheka mlemavu. Mimi nililala pale nikikumbuka kila nilichokula miezi yote ile, nikitafuta kosa, na sikulipata.

Lakini uso wako si ulioniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni kwamba ulitaka kunyonya. Ulilikamata titi kwa nguvu zako zote, ukashindwa kuvuta, na kidogo kilichoingia kikatokea puani, ukapaliwa. Mwanzo ulikuwa unalia kwa hasira. Kisha ukaanza kulia kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimeshaona watoto, nilijua maana ya mtoto kulia kidogo.

Baba yako hakusema neno baya, hata moja, hilo nakuapia. Alipanda kwenye ghala la mahindi kulitengeneza. Ghala halikuwa limeharibika. Alilibomoa upande mmoja akaanza kuufuma upya, na mvua inamnyeshea.

Ndipo siku moja nikasikia hodi. Sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Karibu," nikajibu, lakini sikufungua.

"Nimesikia mna mgeni."

"Amelala."

"Basi nitasubiri aamke."

Nikamsikia anaketi juu ya kuni, chini ya ukingo wa paa. Nilimwomba Mungu amwondoe. Nilidhani amekuja kutazama ili akasimulie. Mvua ikazidi, upepo ule wa kwetu ukaanza kuipeleka upande upande, na bado hakuondoka, wala hakuniita tena. Nikajifunika nawe blanketini, nikajifanya simo. Sijivunii hilo. Ningeendelea kujifanya simo, leo nisingekuwa na mtu wa kumwandikia.

Ukalia. Kilio chako wakati huo kilitokea puani, hakikufanana na vilio vya watoto wengine. Kule nje yule mwanamke akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Huyo hajashiba."

Hakuuliza una nini. Alisema hujashiba. Nikaamka nikafungua mlango.

Huyo ndiye Bibi Leokadia. Alikuwa na nguvu zake wakati ule, mwembamba, miguu imejaa matope mpaka magotini, maana alikuwa ametoka mjini kwa miguu. Mtu alimsimulia baada ya misa kwamba kwa Apolinari kumezaliwa mtoto hivi na hivi. Watu wengine wakisikia habari ya namna hiyo huishusha sauti. Yeye alifunga kanga akaanza kutembea.

Alikuchukua, akakusogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akakutazama uso wote, bila haraka, kama watu wanavyomtazama mtoto yeyote wakitafuta amefanana na nani. Halafu akasema, "Macho ni ya yule bwana niliyemwona juu ya ghala. Haya, mama, lete kikombe."

Akanifundisha. Nikamue maziwa kikombeni. Nikukalishe wima, si kukulaza. Nichukue kijiko kidogo, nidondoshee ndani ya shavu, tone tone, nisubiri umeze ndipo nidondoshee tena. Mara ya kwanza nikamwaga. Akasema, "Mwaga tu. Yatatoka mengine." Hakuninyang'anya kijiko hata mara moja. Ningekuwa mimi ningemnyang'anya. Yeye alikaa na mikono yake mapajani akaniacha nijifunze, na jioni ile, Desideri, ulilala umeshiba kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe. Nilikesha nikikusikiliza unavyokoroma.

Alikaa kwetu mpaka alipoona nimeweza. Kabla hajaondoka nikamuuliza ameyajulia wapi mambo haya. Akaniambia kwamba mtoto wake wa kwanza alikuwa na mdomo kama wako. Hakuna aliyejua namna ya kumlisha. Mtoto alikufa kwa njaa mikononi mwake huku yeye mwenyewe maziwa yanamlowesha nguo. Baadaye sana, sista mmoja wa zahanati alimwonyesha kijiko na kikombe, akamwambia ingetosha. "Nililia," akasema, "halafu nikaona kulia tu nitakufa nako. Nikaanza kuuliza ni wapi wamezaliwa wengine."

"Kwani wapo wengine?" nikamuuliza.

Akanitaja vijiji. Mwanangu, nilidhani wewe uko peke yako duniani.

Baba yako alimshukuru, akampa unga, kisha akarudi kwenye ghala. Bibi Leokadia akamtazama kule juu akasema, "Huyu si wangu. Huyu nitamletea mtu wake."

Mtu wake alikuwa Mzee Bonifasi. Wewe umemzoea, uso wake kwako ni uso wa babu. Mimi siku ile nilishtuka. Aliangukia motoni akiwa mtoto. Shavu limevutwa mpaka shingoni, jicho moja limefunga. Alikuja anasukuma baiskeli, matope yameziba magurudumu, akasimama chini ya ghala.

"Bwana Apolinari! Shuka tusalimiane. Mimi kupanda siwezi, kwa jicho moja ngazi inanidanganya."

Baba yako akashuka. Akampa mkono huku anatazama chini.

"Usitazame chini," Mzee Bonifasi akamwambia. "Nitazame mpaka umalize, halafu tuzungumze. Watu wote huanza hivyo, na mimi sina haraka."

Mimi nilikuwa mlangoni, niliona yote. Baba yako akainua macho akamtazama, kweli kweli, muda mrefu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Umeona nini?"

"Nimeona uliungua."

"Basi ni hilo tu. Lingine halipo." Akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja. "Haya, nionyeshe pombe ya ulezi ya hapa kwenu inauzwa wapi."

Walivyozungumza kilabuni sikuvisikia. Baba yako alinisimulia kimoja tu, baada ya miaka. Mzee Bonifasi alimwambia: "Baba yangu alikuwa ananipeleka sokoni mabegani. Mtu akiuliza, huyu mtoto ana nini, baba anajibu, huyu ni Bonifasi. Mtu akirudia, naye anarudia: nimekwambia, ni Bonifasi. Nilikuwa mkubwa sana kabla sijatambua kwamba walikuwa wanauliza kitu kingine."

Jumapili ya ubatizo wako nilikuwa nimekutafutia kitambaa kizuri cha kukufunika. Baba yako akakichukua, akakikunja, akakitia mfukoni. Akakubeba yeye mwenyewe, uso wazi, tukapita katikati ya watu. Mlangoni mwa kanisa mtu mmoja akauliza, "Apolinari, mtoto ana nini?"

Baba yako akasema, "Anaitwa Desideri."

Nimeolewa na baba yako miaka mingi, na amenifanyia mema mengi. Hakuna lililopita hilo.

Huko uendako watakutazama pia. Alama ya mshono inaonekana na sauti yako inapitia puani kidogo, hilo sitakuficha kwa sababu wewe mwenyewe hulifichi. Mzee Bonifasi atakuwa amekwisha kukuambia la kufanya, na kwa jambo hilo yeye anajua kuliko mimi.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Niliililia ile nyumba ya ng'ambo ya mto. Tulibeba milango yetu vichwani, tukaja hapa, tukapimiwa viwanja kwa mstari. Nilikuwa na hofu kubwa, kwa sababu kule watu waliokujua walikuwa wachache, na hapa tungekaa mlango kwa mlango na watu wa pande zote. Ulikuwa umeanza kukimbia. Nikawa nakuita ndani kila ukitoka.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nyumba zilikuwa za fito na udongo mbichi, kila mtu alisikia kila kitu. Usiku nikawa namsikia mtoto anakohoa nyumba ya jirani, na mchana simwoni. Nikamuuliza yule mama. Akakana. Siku nyingine wewe mwenyewe ukaingia kwake, miguu yako haikujua mipaka, ukatoka unamvuta binti mkono. Binti alikuwa ameungua kidevu na shingo, hajatoka mchana tangu aungue. Mama yake akatoka mbio kumrudisha, akakuona wewe uso, akasimama. Akanitazama. Tukaanza kulia wote wawili, pale katikati ya njia, kama wajinga. Yule binti ni Dafroza, ambaye leo anafundisha chekechea.

Na mwisho wa mstari kulikuwa na mwingine, mvulana mwenye uvimbe mkubwa wa shavu. Kule tulikotoka, kila nyumba ilijifungia na lake.

Bibi Leokadia alipokuja kutuona akapiga makofi. "Nilikuwa nashinda njiani kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine! Sasa serikali imewaleta wote mstari mmoja."

Hapo ndipo kilipoanza kikundi. Sitaki uwaze kilianza kwa hotuba. Kilianza kwa sababu Mama Atupele alikuja na neno moja. Unamjua Mama Atupele, Mmoravian wetu, mke wa yule karani wa Mbeya aliyehamishiwa ofisi za mjini. Alipeleka baiskeli ya mumewe ikatengenezwe kwa Mzee Bonifasi, akanikuta nimeketi pale karakanani nawe. Akakutazama akasema kwa lafudhi yake ya kwao, "Kwani huyu hamjamshona?"

"Kumshona?"

"Mdomo. Unashonwa. Mdogo wangu alishonwa, sasa ana mke."

Mimi, baba yako, Bibi Leokadia mwenyewe ambaye alikuwa amewalisha watoto wengi kwa kijiko, hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Tulijua kumfanya mtoto aishi. Hatukujua kwamba mdomo unashonwa. Bibi Leokadia alikaa chini pale pale kwenye vumbi la karakana, akasema, "Rudia hilo neno, mwanangu."

Basi tukaenda kwenye mkutano wa kijiji kuomba kipande cha shamba, ili mazao yake yawe nauli na chakula cha wanaokwenda hospitali. Mkubwa mmoja aliyekuwa ameketi meza kuu akasema shamba la kijiji ni la wote, na mambo ya wagonjwa wapelekewe wa hospitali na wa kanisa. Mzee Bonifasi, ambaye wala hakuwa mwanakijiji wetu, akanyoosha mkono.

"Ndugu, mimi ni fundi baiskeli, siasa sizijui sana. Lakini nimesikia kwamba ujamaa ni kubebana. Hawa wanawake wamekwisha kubebana. Wanaomba pa kulima tu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, tukapewa kile kipande cha bondeni ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya maji. Ndicho unachokijua. Wanawake wa hapa tunajua kuinua matuta, tukayainua juu ya maji, na maharage ya pale yakawa mazuri kuliko ya shamba la kijiji. Mkubwa yule akaja kuomba mbegu. Bibi Leokadia akampa, tena akamchagulia.

Safari ya kwanza ya Mbeya tulipanda lori la ushirika, juu ya magunia ya mahindi. Mama Atupele alitupeleka mwenyewe, akatulaza kwa kaka yake. Tulifika hospitali, daktari akakupima, akasema, "Huyu ana upungufu wa damu na uzito haujafika. Mrudishe, mlishe, mje tena."

Nilikata tamaa kabisa. Tulirudi juu ya lori tupu, tunarushwa kama maboga, na nilimwambia Mama Atupele kwamba Mungu ameshasema. Akanijibu, "Mungu hajasema. Daktari amesema uji." Tulipofika kijijini wakagawana siku. Aliyekuwa na kuku alileta yai. Aliyekuwa na karanga alizitwanga. Mama yake Dafroza, ambaye nyumbani kwake hakukuwa na kitu, alikuwa anakwenda kuchuma mboga porini, anakuletea. Ulinenepa mpaka bibi yako akaanza kukutania. Huyo bibi yako ndiye aliyeshindwa kupiga kigelegele ulipozaliwa. Siku tuliyoondoka mara ya pili alikipiga mpaka lori lilipopinda kona.

Wakakushona. Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu ila Bibi Leokadia. Walipokuleta kutoka chumba cha upasuaji, sikukujua. Nilimwambia muuguzi, "Huyu si wangu." Na nilipokutambua nililia, si kwa furaha. Nililia kwa sababu ule uso wako wa kwanza, ule uliocheka nami tangu mchanga, ule niliokuwa nimeupenda kwa shida mpaka nikaupenda bila shida, ulikuwa umeondoka na sikuuaga. Nilijiona mwendawazimu. Nilipomweleza Bibi Leokadia hakushangaa. Alisema, "Wote wanaulilia. Wasiojua wanadhani hatukuwapenda mpaka waliposhonwa."

Safari nyingine, mwaka uliofuata, wakaziba kaakaa. Kabla ya hapo pumzi yako ilitokea puani, na ulipotaka kumwita baba, lilitoka "mama." Baba yako akawa anaitika hivyo hivyo. Shambani watu wanamcheka, mtoto anaita "mama," na mwanamume anaitika "naam." Kila jioni Mama Atupele akija, na asipokuja mimi, tulikuwa tunakuwekea makapi ya ulezi kiganjani uyapulize, uyapulize kwa mdomo si kwa pua. Siku moja ulikuwa umesimama kwenye ukingo wa shamba ukasema, "Baba." Akaacha jembe pale pale, akaja nyumbani mchana kweupe, akakaa. Hakula. Alikuwa anakuambia tu, "Sema tena."

Kosa langu kubwa lilianza hapo, na nilidumu nalo. Nilikuwa nakusemea. Dukani ukifungua mdomo kuomba chumvi, mimi nimeshaomba. Mwalimu akikuuliza jina, nimeshalitaja. Nilidhani nakukinga. Bibi Leokadia alinivumilia muda mrefu, mwishowe akaniambia mbele za watu bila kunionea haya, "Yustina, huyu mtoto alishonwa mdomo ili aseme yeye, si ili useme wewe." Nilikasirika. Sikumwamkia Jumapili mbili. Yeye akaja bondeni kupalilia mstari ulio karibu na wangu kama vile hakuna kitu, akaanza kunisimulia habari za mbuzi wake.

Usidhani kila mtoto aliishi. Nilipoanza kufuatana na Bibi Leokadia, nyumba ya kwanza tuliyokwenda pamoja tulichelewa. Binti mchanga, aliitwa Marselina. Tulifika mchana, alifariki kabla ya jua kutua, kijiko kikiwa bado mkononi mwangu. Nilitaka kukimbia, niliona aibu, kana kwamba tumeleta kifo. Bibi Leokadia alikaa. Alimwogesha yule mtoto, akachota maji, akafua nguo za mama yake zilizolowa maziwa, akavuna maharage yao yaliyokuwa yanapasukia shambani. Hakumwambia yule mama kwamba ni mapenzi ya Mungu. Sikumsikia akimwambia lolote refu. Tulipoondoka hakurudi kwake. Alishika njia ya kijiji kingine ambako alikuwa ameambiwa kuna mwingine.

Nikamuuliza njiani, "Mama, unawezaje?"

Akasema, "Kwangu hakuna aliyekuja."

Basi, hao ndio watu uliouliza. Mwanamke aliyemzika mwanawe, fundi aliyeungua, mke wa karani aliyeweza kukaa zake mjini na cherehani yake. Hawana jengo wala muhuri. Nimeishi nao miaka hii nikiwaona wamechoka, wamegombana, Mama Atupele na Mzee Bonifasi waliwahi kununiana msimu mzima kwa ajili ya mbegu za viazi. Lakini mtoto akizaliwa, nawaona wanatafuta viatu. Sijui kama kuna watu wakubwa kuliko hao, na kama wapo sijakutana nao.

Nimeandika mpaka kivuli kimefika mlangoni, na kuna jambo moja la leo. Ulipokuwa umeshaondoka kwenda Mazwi, wamefika wageni kutoka Chala kwa lori: msichana mdogo, anaitwa Oresta, na mama yake, na mtoto mchanga wa Oresta, wa kike, mwenye mdomo kama ulivyokuwa wako. Nimewapa kitanda chako. Utakuwa umelala mkekani usiku wako wa mwisho nyumbani, na hutakuwa umeuliza, nakujua. Mtoto ameshakula, kwa kijiko, vizuri kabisa. Lakini Oresta tangu afike hajainua uso. Ameniuliza neno moja tu: "Ataweza kusema?"

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nikamwambia, "Mwanangu wa kiume anarudi jioni. Muulize yeye."

Sasa nakusikia. Umeegemeza baiskeli ukutani. Umemwamkia yule bibi shikamoo, amekuitikia. Umemsalimia Oresta. Sasa anakuuliza kama kushonwa kunauma. Unamwambia kuuma hukukumbuki, unachokumbuka ni chungwa kubwa uliloletewa kitandani ukakatazwa kulila, ukalilinda mpaka likanyauka. Unamweleza lote, neno kwa neno, na neno "chungwa" limekukwama ukaanza upya, naye anangoja.

Amecheka, Desideri. Amecheka kwa sauti.

Sitoki nje sasa hivi. Ugali utachelewa kidogo. Endeleeni kuzungumza.

Mimi mama yako,
Yustina